Nani Ahesabiwe Mfanyakazi? Historia ya Fidia ya Ajali Kazini katika Pwani Yetu



Katika matanga ya pwani yetu, mtu anapofariki kwa kuangukiwa na jiwe machimboni au kwa kuzama akiwa kazini baharini, wazee huwafariji wafiwa kwa maneno yaleyale: ajali haina kinga. Maneno hayo yana faraja yake, kwani humwondolea mfiwa adhabu ya kujiuliza usiku kucha angefanya nini. Lakini yana hatari yake pia. Arobaini hupita, jamaa hurudi makwao, mjane hubaki na watoto, na mara nyingi hakuna hata mmoja aliyeuliza kama marehemu alikuwa na haki ya kulipwa fidia. Msemo umekwisha kufunga mjadala kabla haujaanza.

Juma hili napenda tulitazame jambo hili kwa jicho la historia. Sheria za fidia kwa wanaoumia kazini zina umri wa zaidi ya karne moja duniani, na hapa kwetu zimekuwapo tangu wakati wa Mwingereza. Ukizisoma kwa mfuatano wake utaona kwamba kila moja, kabla ya kusema mtu alipwe kiasi gani, ilianza na swali jingine lililo zito zaidi: nani ahesabiwe kuwa mfanyakazi? Aliyehesabiwa alikuwa ndani, na asiyehesabiwa alibaki nje, hata kama mkono uliokatika ni uleule na mashine ni ileile. Historia ya fidia, basi, ni historia ya mpaka huo na jinsi ulivyosogezwa.

1. Mjerumani wa Berlin na Mjerumani wa Kilwa

Mwezi Julai 1884 Ujerumani, chini ya Kansela Otto von Bismarck, ilipitisha sheria ya bima ya ajali kazini. Ilikuwa hatua mpya kabisa ulimwenguni. Kabla yake, mfanyakazi aliyeumia alilazimika kwenda mahakamani na kuthibitisha kwamba tajiri wake alikuwa na kosa, jambo ambalo maskini wachache mno waliliweza. Sheria ile iliacha kuuliza ni kosa la nani. Iliwalazimisha waajiri wachange pamoja katika vyama vya bima, na mfanyakazi akiumia alilipwa kutoka katika michango hiyo. Msingi huo ndio unaobeba hadi leo mifuko ya fidia ya nchi nyingi, pamoja na ya kwetu.

Miezi michache baadaye, Novemba 1884, Carl Peters alitua katika pwani hii na karatasi zake za mikataba, na mwaka uliofuata serikali ileile ya Bismarck ikampa hati ya ulinzi. Hivyo Ujerumani iliyokuwa mwalimu wa dunia katika kumlinda mfanyakazi ndiyo iliyokuja kututawala. Je, sheria ile ilisafiri nayo katika merikebu? La. Kuanzia mwaka 1902, wakati wa Gavana Gustav Adolf von Götzen, wakulima wa wilaya za pwani, Kilwa ikiwa mojawapo, walilazimishwa kulima pamba katika mashamba ya pamoja, chini ya maakida na majumbe. Malipo yalikuwa senti chache, kiasi kwamba wengine walikataa hata kuyapokea. Aliyepigwa kiboko, aliyejikata kwa shoka akisafisha msitu, aliyeumwa na nyoka katika shamba asilolichagua, wote hao hawakuwa wafanyakazi machoni pa sheria. Walikuwa wenyeji, na kazi yao ilihesabiwa kuwa wajibu tu.

Tunajua yaliyofuata. Mwishoni mwa Julai 1905, kule Nandete katika vilima vya Umatumbi, kaskazini mwa wilaya yetu ya Kilwa, watu waling'oa miche ya pamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Kanisa nalo lilimwaga damu katika vita hivyo: Askofu Kasiano Spiss wa Shirika la Mtakatifu Benedikto, pamoja na wenzake wanne, watawa wa kiume wawili na wa kike wawili, waliuawa tarehe 14 Agosti 1905 huko Mikukuyumbu karibu na Liwale, wakiwa njiani kutoka Kilwa kwenda bara. Sisemi kwamba vita vile vilitokana na kukosekana kwa fidia. Nasema kwamba mtu anapofanyishwa kazi pasipo kuhesabiwa kuwa mtu wa kazi, dhuluma haiishii kwenye ujira peke yake.

2. Wapagazi waliokufa bila daftari

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Hakuna mahali maneno hayo yalipotimia kwa uchungu kama katika Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walishusha majeshi Kilwa mwezi Septemba 1916, na mwaka 1917 mapigano makali yakahamia nyuma ya Lindi, hata kufikia vita vya Nyangao na Mahiwa vya Oktoba 1917. Majeshi yale hayakuwa na reli wala barabara ya maana. Yalibebwa mabegani mwa wapagazi, waliotolewa Kenya, Uganda, Nyasa, Kongo na katika vijiji vyetu wenyewe. Kwa upande wa Waingereza pekee, hesabu rasmi ilionyesha kwamba wapagazi waliokufa walizidi 40,000, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa, si kwa risasi. Na wanahistoria wanaona kwamba hesabu hiyo ni ndogo kuliko ukweli.

Baada ya vita likaja suala la mishahara ya marehemu ambayo haikuwa imechukuliwa. Nyingi kati ya fedha hizo hazikuwafikia warithi. Sababu mojawapo ilikuwa daftari: jina limeandikwa vibaya, kijiji hakikutajwa, mke na watoto hawakuorodheshwa. Tulikumbuke jambo hili, maana tutalirudia. Haki ya marehemu hushikiliwa na jina lake lililoandikwa sawasawa, pamoja na majina ya wale waliomtegemea.

3. Sheria ya Mwingereza na milango yake

Uingereza nayo ilikuwa imekwisha kutunga sheria ya fidia kwao mwaka 1897. Mwanzoni iligusa reli, viwanda, migodi, machimbo ya mawe na kazi nyingine za hatari. Wafanyakazi wa mashambani wakaongezwa mwaka 1900. Mwaka 1906 ikatungwa sheria pana zaidi, nayo ndiyo iliyokuwa mama wa sheria za namna hiyo katika makoloni mengi. Lakini hata sheria hiyo pana ilikuwa na orodha ya walioachwa nje. Kibarua wa siku chache aliyeajiriwa kwa jambo lisilohusu biashara ya mwajiri aliachwa. Aliyechukua kazi ya kufanyia nyumbani kwake aliachwa. Ndugu wa mwajiri anayeishi naye nyumba moja aliachwa. Na hapa watu wa Pande wasikilize vizuri: baharia wa chombo cha uvuvi aliyelipwa kwa mgawo wa mapato, badala ya mshahara, naye aliachwa nje.

Kwetu Tanganyika mambo yalichelewa. Sheria ya mwaka 1923 iliyohusu mabwana na watumishi wenyeji ilishughulika zaidi na nidhamu ya mkataba. Mtumishi aliyetoroka kazini aliweza kushtakiwa kama mhalifu. Katika mashamba ya katani, mmanamba alihesabiwa siku zake katika kipande, karatasi iliyotiwa alama kwa kila siku aliyomaliza kazi, hadi zitimie siku 30 ndipo alipwe. Siku ambayo hakufanya kazi haikutiwa alama. Watu wengi wa Kusini waliufuata ujira huo Tanga na Morogoro, na wengine waliupata hapahapa, katika mashamba kama Kikwetu karibu na mji wa Lindi. Wazee wanaikumbuka korona, si ugonjwa wa miaka ya karibuni bali mashine ya kusindika mkonge, ambayo ilikamua majani na wakati mwingine mikono ya waliolisha majani hayo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili hali ilibadilika. Mwezi Septemba 1947 wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukaenea kwa kufuata njia ya reli ya kati. Mwaka huohuo ulianza mradi mkubwa wa karanga, ambao kwa upande wa Kusini ulijenga kambi Nachingwea na reli ya kutoka pwani, ukaleta matrekta na mashine nzito ambazo vijana wengi hawakuwahi kuziona. Mradi uliachwa mwaka 1951, ila ulikuwa umedhihirisha kwamba nchi imeingia katika kazi za mashine pasipo kinga kwa wanaoziendesha. Katika mazingira hayo, mwishoni mwa miaka ya 1940, Tanganyika ilipata sheria yake ya kwanza ya fidia kwa wafanyakazi, iliyowekwa katika vitabu vya sheria kuwa Sura ya 263. Mwaka 1950 ikafuata sheria ya viwanda, iliyohusu usalama wa mahali pa kazi.

Ilikuwa hatua njema. Kwa mara ya kwanza mfanyakazi Mwafrika aliweza kudai malipo bila kuthibitisha kosa la mwajiri. Ilitosha kuonyesha kwamba ajali ilitokana na kazi na ilitokea akiwa kazini. Hata hivyo udhaifu wake ulikuwa mkubwa. Mlipaji alikuwa mwajiri mwenyewe au kampuni yake ya bima. Mwajiri akifilisika, akitoroka au akikana kwamba anamfahamu mtu huyo, mfanyakazi alirudi palepale alipokuwa kabla ya sheria.

4. Uhuru na fedha iliyopoteza uzito

Uhuru ulikuja mwaka 1961, nasi tukairithi sheria ile. Mwaka 1964 uliundwa Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi, na mwaka 1997 ikatungwa sheria ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF, ambayo iliweka pia fao la kuumia kazini kwa wanachama wake. Ukumbuke neno hilo: kwa wanachama wake. Mpaka ulisogea, lakini ulikuwapo.

Wakati huohuo Sura ya 263 ya zamani iliendelea kutumika huku ikichakaa. Viwango vyake vya juu viliandikwa kwa tarakimu, na tarakimu hazikui pamoja na bei za sokoni. Ikafika mahali, katika miaka ya 2000, ambapo fidia ya juu kabisa kwa mtu aliyepoteza uwezo wake wote wa kufanya kazi ilikuwa kama shilingi laki moja hivi. Baba wa familia aliyepooza alipewa fedha zisizotosha kununua baiskeli nzuri. Haki ilikuwapo katika karatasi, lakini uzito wake ulikuwa umeyeyuka.

5. Sheria ya mwaka 2008

Kati ya 2003 na 2008 Tanzania Bara ilizifanya upya sheria hizi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 iliondoa ile ya viwanda ya mwaka 1950, na usimamizi wake uko chini ya Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA. Kisha ikaja Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, namba 20 ya mwaka 2008, ambayo imerithi namba ileile ya Sura ya 263. Kwa sheria hii uliundwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi tarehe 1 Julai 2015. Zanzibar wana sheria yao.

Badiliko kubwa ni hili: mlipaji si mwajiri mmoja mmoja tena, bali ni mfuko wa pamoja ambao kila mwajiri wa sekta ya umma na ya binafsi hupaswa kuuchangia. Sekta binafsi ilianza kwa asilimia 1 ya mishahara, ikashushwa mwaka 2021, na kuanzia Julai 2022 ikawa asilimia 0.5, sawa na sekta ya umma. Mchango ni wa mwajiri peke yake. Si halali kumkata mfanyakazi hata shilingi moja kwa ajili hiyo.

Mafao nayo ni mengi kuliko zamani: matibabu, asilimia 70 ya kipato kwa asiyeweza kufanya kazi kwa muda, kwa kipindi kisichozidi miezi 24, malipo ya mkupuo kwa aliyepata ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30, na pensheni kwa aliyezidi hapo, malipo kwa anayehitaji mtu wa kumhudumia daima, utengamao, gharama za mazishi, na pensheni kwa mjane au mgane na watoto. Magonjwa yatokanayo na kazi yamo pia, si ajali pekee.

Na mpaka je, uko wapi? Sheria inamtambua mwajiriwa hata kama mkataba wake ni wa mdomo. Kibarua aliyechukuliwa kwa shughuli ya biashara ya mwajiri yumo. Mwanafunzi wa kazi yumo. Zaidi ya hayo, Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inasema mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, iwapo kuna mojawapo ya dalili fulani: kwamba kazi yake iko chini ya uongozi wa mwingine, au anapewa vifaa na huyo mwingine, au anamtegemea kiuchumi, au amemfanyia kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Kwa maneno mengine, tajiri hawezi kuufuta uajiri kwa kusema tu, "Huyu alikuwa kibarua wangu wa siku."

6. Tunasimama wapi sisi wa Pande?

Watu wa hapa ni wavuvi, ni wakulima wa ufuta, korosho na nazi, na vijana wetu wengi huenda kutafuta vibarua katika machimbo ya jasi, mashamba ya chumvi na ujenzi. Kilwa Masoko ujenzi wa bandari ya uvuvi ulizinduliwa mwaka 2023, na gesi ya Songosongo imekuwa ikivunwa tangu mwaka 2004. Kazi zimeongezeka, na pamoja nazo hatari.

Tuwatenganishe hawa kwa haki. Mkulima anayelima ufuta wake mwenyewe hana mwajiri, na sheria ya 2008 ilimlenga mwenye mwajiri; huyo bado anasimama nje, na kinga yake ni bima ya afya, chama cha ushirika au jumuiya yake. Kijana anayepakia jasi katika lori la kampuni kwa malipo ya siku yuko ndani, ingawa yeye mwenyewe hudhani yuko nje. Ndiye ninayemsikitikia zaidi, kwa sababu mlango wake uko wazi, naye anapita pembeni bila kuuona. Baina yao yuko baharia wa chombo cha mtu mwingine, anayelipwa mgawo wa samaki. Sheria ya mwaka 1906 huko Uingereza ilimfungia mlango waziwazi. Kwetu leo jibu hutegemea ukweli wa kazi yenyewe: nani mwenye chombo na nyavu, nani huamua siku ya kutoka, na baharia anamtegemea nani kwa kula yake. Mwenye chombo asiyapuuze maswali hayo.

Basi, mambo machache ya kushika. Ajali ikitokea, mwajiri aarifiwe mara moja, na ikiwezekana kwa maandishi mbele ya shahidi. Naye anapaswa kuutaarifu Mfuko ndani ya siku saba. Asipofanya hivyo, mwathirika au ndugu zake waende wenyewe katika ofisi ya Mfuko au kwa afisa kazi wa mkoa. Wasikae wakisubiri huruma, kwa maana taarifa isipotolewa ndani ya miezi 12 haki hupotea. Watunze karatasi za hospitali. Kibarua aandike katika daftari lake siku alizofanya kazi, mahali, na jina la aliyemlipa. Na wenye ndoa wawe na cheti cha ndoa, na watoto wawe na vyeti vya kuzaliwa. Wale ambao hawana, waje ofisini kwetu, kwani vitabu vya ndoa na ubatizo husaidia kuanza safari hiyo. Tusirudie yaliyowapata wapagazi wa 1917.

Nanyi mlio na watu chini yenu, hata kama ni fundi na saidia-fundi wawili, neno hili ni lenu pia. Torati iliagiza kwamba anayejenga nyumba mpya aweke ukingo juu ya dari, mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Torati hiyohiyo, katika kitabu cha Kutoka sura ya 21, ilimtaka aliyemjeruhi mwenzake alipe siku alizopoteza na kumwuguza hata apone. Papa Leo XIII, katika waraka wake wa mwaka 1891, alitaka pawepo na akiba ya kuwasaidia wafanyakazi wakati wa ajali, maradhi na uzee. Na Mtakatifu Yohane Paulo II, mwaka 1981, akaihesabu bima ya ajali kazini miongoni mwa haki za mfanyakazi. Fidia si sadaka anayotoa tajiri mwema. Ni deni.

Ajali haina kinga, ndiyo, kwa maana hakuna ajuaye saa. Lakini ukingo juu ya dari ni kinga, kofia ngumu machimboni ni kinga, jaketi la kuokolea ndani ya boti ni kinga, na jina lililoandikwa katika daftari ni kinga ya mjane na yatima. Jumapili ijayo, baada ya Misa, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo waniletee majina ya wale walioumia kazini katika miezi 12 iliyopita, wawe Wakatoliki au ndugu zetu Waislamu. Tutakaa nao, tutazitazama karatasi zao, na kila mmoja tutamwambia kwa ukweli kama yumo ndani ya sheria au la.

Mungu awabariki nyote, na Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi awaombee.